Vyombo vya Kupimia Mkojo, na Maradhi Vinavyoyafichua

Mtu aendaye hospitali ya Murgwanza, au ya Rulenge, au ya Biharamulo, yamkini siku moja atapewa kikopo kidogo na kuambiwa akatie mkojo wake. Wengi hutii bila ya kujua sababu. Wengine huona haya. Tena wako ambao hurudi na kikopo kitupu, kwa kuwa wamefundishwa tangu utoto ya kwamba si vema kuacha kitu kilichotoka mwilini mikononi mwa watu wasiojulikana. Twataka leo kuwaeleza wasomaji wetu habari za vyombo hivi vya kupimia mkojo: vilianzaje, vyafanya kazi namna gani, na vyaweza kutuambia nini. Maana jambo lisilojulikana huogopwa, na hofu hii imewapotezea watu wengi uhai, hasa wanawake wenye mimba.

KAZI YA FIGO

Kwanza yafaa tujue mkojo watoka wapi. Mwanadamu ana figo mbili, kila moja kadiri ya ngumi ya mtu mzima, nazo zimekaa nyuma ya tumbo, huku na huku ya uti wa mgongo. Damu hupita humo daima, usiku na mchana. Kwa muda wa saa 24, figo za mtu mzima mwenye afya huchuja kutoka katika damu maji kadiri ya lita 180. Lakini karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu hutoka nje kuwa mkojo.

Basi figo ni chujio. Mtu achujaye pombe ya ndizi akiona makapi ndani ya mtungi, hujua kwamba pana moja katika mambo matatu: ama chujio limetoboka, ama amemimina mengi kupita nguvu za chujio, ama makapi yameingia baadaye, ndani ya mtungi wenyewe. Na habari ya mkojo ni vivyo hivyo. Chujio la figo likiharibika, hupita kitu kinachofanana na ute wa yai, ambacho waganga hukiita protini. Sukari ikizidi sana katika damu, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo hutoka. Kukiwa na jeraha katika kibofu au katika njia ya mkojo, hutoka damu. Vyombo vyote tutakavyovitaja vilitengenezwa ili kuuliza mojawapo ya maswali haya matatu.

JICHO NA CHUPA

Chombo cha kwanza kilikuwa jicho, na msaidizi wake ni chupa ya kioo. Zamani sana waganga wa Uyunani, na baada yao waganga wa nchi za Kiislamu, waliandika habari nyingi za mkojo. Is-haka bin Sulaiman, aliyekuwa mganga katika mji wa Kairouan, Tunisia, katika karne ya 10, alitunga kitabu kizima juu ya jambo hili. Na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza ya kwamba mkojo yapasa kutazamwa rangi yake, uzito wake, harufu yake, povu lake, na mashapo yatuamayo chini.

Kutoka kwao elimu hii ilifika Ulaya, na huko ikafanyizwa chupa maalumu, yenye tumbo la mviringo mfano wa kibofu, ya kioo cheupe na chembamba. Mganga aliiinua kuelekea mwanga, akalinganisha rangi ya mkojo na rangi zilizochorwa katika mviringo kitabuni. Chupa hii ikawa ndiyo alama ya uganga, kama sikio la mpira la kusikilizia kifua lilivyo alama ya daktari siku hizi.

Lakini jambo jema lilipita mpaka. Watu wakaanza kupeleka chupa ya mkojo kwa mganga, naye akahukumu ugonjwa, na pengine hata bahati ya mtu, bila ya kumwona mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1637 mganga mmoja wa Uingereza, jina lake Thomas Brian, alitoa kitabu cha kuwafichua wadanganyifu hawa. Twalitaja jambo hili kwa makusudi, maana hata leo wako watu wanaodhani kwamba mkojo waweza kumtaja mchawi, au kueleza mambo yatakayokuja. La, hauwezi. Mkojo hueleza habari ya mwili tu, wala si yote.

Hata hivyo jicho halikutupwa. Mtu mwenye homa akikojoa mkojo mweusi mfano wa kahawa, ni ishara ya kwamba chembe za damu zimevunjika kwa wingi ndani ya mwili. Hali hii ilijulikana zamani kwa jina la homa ya mkojo mweusi, nayo iliua wageni na wenyeji wengi katika nchi za malaria. Mwenye kuiona asingoje kesho. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

ULIMI NA SISIMIZI

Chombo cha pili kilikuwa ulimi, ingawa wasomaji watacheka. Waganga wa Bara Hindi tangu kale walijua ugonjwa ambao mkojo wake huwavuta sisimizi, wakauita mkojo wa asali. Katika miaka ya 1670, mganga Thomas Willis wa Uingereza aliandika kwamba mkojo wa wagonjwa fulani ulikuwa mtamu kana kwamba umetiwa asali au sukari. Na mwaka 1776 Matthew Dobson, mganga wa mji wa Liverpool, aliuchemsha mkojo wa namna hiyo hata maji yakaisha, akabakiwa na kitu cheupe, nacho kilikuwa na ladha ya sukari. Hivyo ikathibitika ya kwamba utamu ule ni sukari yenyewe. Ugonjwa huu ndio tuuitao kisukari.

Basi mtu akiona sisimizi wakikusanyika mahali alipokojoa, naye ana kiu isiyokwisha, aenda haja ndogo mara nyingi usiku, na mwili wakonda ingawa anakula, asiseme amerogwa. Aende akapimwe.

KIJIKO NA MOTO

Mwaka 1827, daktari Richard Bright wa hospitali ya Guy's mjini London alieleza habari za wagonjwa waliovimba miguu, uso na tumbo. Alitia mkojo wao katika kijiko akaushika juu ya mwali wa mshumaa. Mkojo ule ukaganda na kuwa mweupe, kama ute wa yai ugandavyo ukitiwa katika maji ya moto. Watu hao walipokufa na miili yao kupasuliwa, figo zao zilionekana zimeharibika. Hivyo kijiko na mshumaa vikaonyesha kile ambacho jicho halikuweza kukiona, yaani kutoboka kwa chujio.

Baadaye kijiko kiliachwa, ikatumika neli nyembamba ya kioo juu ya taa ya spiriti. Mpimaji alichemsha sehemu ya juu ya mkojo, akatazama kama kuna wingu jeupe. Wingu likitokea, alidondosha matone machache ya siki iliyo safi. Wingu likitoweka, ilikuwa chumvi tu isiyo na madhara. Likibaki, ni protini. Na ili kujua kiasi chake, Mfaransa Georges Esbach alitengeneza mwaka 1874 neli yenye alama na tarakimu. Mkojo ulichanganywa na dawa ya manjano, ukaachwa umesimama saa 24, na kile kilichotuama chini kikasomwa kwa kuitazama alama.

Kilikuwako pia chelezo cha kioo, kilichotiwa zebaki chini ili kisimame wima. Kikielea ndani ya mkojo, huzama sana ukiwa mwepesi kama maji, na huinuka ukiwa mzito. Maji safi husomwa 1.000, na mkojo wa mtu mzima mwenye afya mara nyingi huwa kati ya 1.005 na 1.030. Mkojo mwingi, tena mzito, ulimtia mpimaji shaka ya sukari.

Hapa twafika kwenye jambo lililo kubwa kuliko yote katika habari hii. Mwaka 1843, daktari John Lever, wa hospitali ile ile ya Guy's, aliupima kwa moto mkojo wa wanawake waliopatwa na kifafa cha mimba, akaona ya kwamba una protini. Tangu siku hiyo ikajulikana kwamba ugonjwa huu, ambao mataifa mengi walidhani ni pepo au laana, una alama iwezayo kuonekana, na mara nyingi alama hiyo hutangulia kifafa chenyewe.

Mwanamke mwenye mimba iliyopita wiki 20 aweza kujisikia mzima kabisa, kumbe damu yake yapanda nguvu kupita kiasi na protini yatoka katika mkojo. Baada ya hayo huweza kuja maumivu makali ya kichwa, macho kuona giza au nyota, maumivu ya tumbo upande wa juu, uvimbe wa uso na mikono. Kisha huanguka kifafa, na mama au mtoto au wote wawili hufa. Ndiyo sababu wauguzi wa kliniki hufunga mkono wa mama kwa kitambaa cha kupimia nguvu za damu, kisha humwomba mkojo. Vipimo hivi viwili hufanya kazi pamoja kama macho mawili. Hali hii ikijulikana mapema, zipo dawa za kushusha nguvu za damu na za kuzuia kifafa, na waganga huweza kuchagua wakati ufaao wa mtoto kuzaliwa. Mama akirudi na kikopo kitupu, jicho moja limefungwa.

MAJI YA BULUU

Kwa kupima sukari, Mjerumani Hermann von Fehling alitengeneza katika miaka ya 1840 dawa ya rangi ya buluu. Na mwanzoni mwa karne ya 20 Stanley Benedict wa Marekani akatengeneza nyingine iliyo bora, isiyoharibika upesi. Wasomaji wetu wakulima wa kahawa wataifahamu mara moja, kwa kuwa asili yake ni mrututu, ule ule utumikao kunyunyizia mikahawa, uliochanganywa na magadi na chumvi itokanayo na tindikali ya ndimu.

Kazi yake ni hii. Mpimaji alitia dawa kadiri ya kijiko cha chai katika neli ya kioo, akadondosha matone 8 ya mkojo, akachemsha dakika 5. Rangi ikibaki buluu, hapana sukari. Ikigeuka kijani, ipo kidogo, manjano, imezidi, na ikiwa nyekundu kama tofali lililochomwa, sukari ni nyingi sana. Kwa miaka mingi neli, taa ya spiriti na chupa ya dawa hii vilikuwa katika masanduku ya dispensari za Afrika, na wasaidizi wengi wa waganga walijifunza kazi kwa vyombo hivyo.

Lakini kujua ugonjwa bila ya kuwa na dawa ni huzuni tu. Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyeonekana na rangi nyekundu ile alikuwa kama amehukumiwa kufa. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, huko Toronto, Kanada, walipata insulini kutoka katika kongosho za wanyama, na Januari 1922 mgonjwa wa kwanza akadungwa. Tangu hapo kupimwa kukawa mlango wa kupona, si tangazo la msiba.

KARATASI

Kuchemsha ni kazi ya dakika nyingi, tena moto na kioo huvunja na kuunguza. Katika mwaka 1956, nchini Marekani, zilianza kuuzwa karatasi ndogo za kupimia sukari, kazi ya Helen Free na mumewe Alfred Free. Karatasi huchovywa katika mkojo na kutolewa mara moja, na rangi yake hugeuka bila ya moto. Baadaye visanduku vingi vya rangi vilibandikwa juu ya ukanda mmoja wa plastiki, kila kimoja na swali lake: hiki chauliza sukari, hiki protini, hiki damu, hiki dalili za uchafu katika njia ya mkojo. Ukanda huu ndio utumikao sasa katika zahanati na kliniki.

Hata hivyo ukanda una masharti. Kopo lake lazima lifungwe kila mara, kwa maana unyevu huuharibu. Rangi lazima isomwe kwa muda ulioandikwa juu ya kopo, mbele ya mwanga mzuri. Anayesoma mapema, au aliyechelewa, huandika uwongo katika kadi ya mgonjwa bila ya kukusudia.

HADUBINI NA KICHOCHO

Viko vitu ambavyo rangi haiwezi kuvionyesha. Mwaka 1851 Theodor Bilharz, Mjerumani aliyefanya kazi katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Kairo, aliona minyoo ndani ya mishipa ya damu ya maiti, nayo ndiyo asili ya kichocho. Mayai ya minyoo hii hutoboa kibofu na kutoka pamoja na mkojo na damu. Yakifika majini huzaa vijidudu viingiavyo katika konokono; na vikiisha kutoka humo, vyaingia katika ngozi ya mtu aogaye au achotaye maji. Habari hii ya konokono ilithibitishwa huko Misri mwaka 1915 na Robert Leiper.

Ili kuyaona mayai, mkojo ulizungushwa kwa mashine ndogo ya mkono hata mashapo yakakusanyika, kisha yakawekwa chini ya hadubini, yaani kioo kikuzacho vitu vidogo. Yai la kichocho cha mkojo hutambulikana kwa mwiba ulio mwishoni mwake. Siku hizi mpimaji huvuta mkojo mililita 10 kwa bomba la sindano, akausukuma kupita chujio lenye matundu madogo mno, na mayai hubaki juu yake, yakahesabiwa. Ndivyo mikojo ya watoto wa shule ilivyopimwa Unguja na Pemba katika kazi ya kupiga vita kichocho iliyofanywa kati ya miaka ya 2012 na 2017. Mayai hutoka zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Kwa hiyo mtoto akiambiwa alete mkojo wa wakati huo, si usumbufu bure.

Walimu wafahamu ya kwamba kazi hii si ya waganga peke yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katika wilaya ya Kilosa, walimu wa shule za msingi waliwauliza wanafunzi maswali juu ya afya zao na kuwapima mkojo kwa karatasi zionyeshazo damu. Majibu yao yalisaidia kujua ni shule zipi zilizo na kichocho kingi.

MAMBO AMBAYO MKOJO HAUSEMI

Kila chombo hujibu swali lake tu. Kichocho kipatikanacho zaidi kandokando ya ziwa Victoria, kama huko Chato iliyokuwa zamani sehemu ya Biharamulo, ni kile cha tumbo, na mayai yake hutafutwa katika choo kikubwa. Mwenye kupimwa mkojo tu asijidhani amesalimika. Malaria hupimwa kwa damu. Kisukari nacho, siku hizi hukumu yake hutolewa kwa kipimo cha damu, kwa sababu sukari haitoki katika mkojo mpaka iwe imezidi sana katika damu. Na protini kidogo huweza kuonekana siku moja kwa ajili ya homa au kazi ngumu, kisha ikatoweka. Kwa hiyo mganga akiomba kupima tena, si kwamba hajui kazi yake.

YATUPASAYO

Chombo kikiwa kizuri namna gani, hakiwezi kusema kweli juu ya mkojo ulioharibika. Yafaa basi kuangalia haya:

Mkojo utiwe katika kikopo kilichotolewa na hospitali. Chupa iliyokuwa na asali, soda au pombe ya ndizi yaweza kubakiza sukari au uchafu, na mtu mzima akahesabiwa mgonjwa.

Mkojo wa kwanza umwagwe kidogo, wa katikati ndio utiwe kikoponi. Lakini kwa kichocho mpimaji huweza kutaka ule wa mwisho, basi na afuatwe yeye.

Usiongezwe maji, wala usiletwe mkojo wa mtu mwingine kwa kuona haya.

Mwanamke aliye katika siku zake amwambie muuguzi, ili damu ile isidhaniwe ni ugonjwa.

Mkojo upelekwe kwa mpimaji upesi. Ukikaa saa nyingi katika joto huharibika.

Nanyi wazee wa vijiji na walimu, mwasikilizwa kuliko karatasi hii. Waelezeni watu ya kwamba ule mkojo ukiisha kupimwa hutupwa, wala hauwekwi. Waume nao wasiwazuie wake zao kwenda kliniki mapema na mara zote wanazoitwa, kwa kuwa kipimo cha mwezi uliopita hakiwezi kujibu kwa ajili ya mwezi huu. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na neno hilo lafaa sana hapa.

Mwisho, mtu akiisha kutoa mkojo wake asiondoke kimya. Ana haki ya kuuliza: mmepima nini, na mmeona nini? Na mama mwenye mimba aombe jibu liandikwe katika kadi yake ya kliniki, ili muuguzi atakayempokea siku ya kujifungua, hata kama ni katika hospitali nyingine, apate kulisoma.